Kuomba Jina la Lusweti

Nilitoka Kitale kwa sababu ya jina. Wengine husafiri kwa sababu ya arusi, kesi ya shamba au mgonjwa. Mimi nilifunga safari kwenda upande wa Chwele kuomba ruhusa ya kutumia jina la marehemu katika mchezo wa mtandao. Najua linavyosikika. Mwenzangu wa dukani nilipomwambia alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la mbolea. Kwa hiyo wewe unayesoma, cheka umalize kabisa, ndipo tuendelee.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni dunia iliyo ndani ya kompyuta au simu, na maelfu ya watu huingia humo kwa wakati mmoja, kila mmoja akimwongoza mtu wake. Mtu wako ana jina, ana nguo, ana kazi. Huanza akiwa si kitu, na kijiti mkononi, na kadiri anavyopambana na wanyama na majambazi ndivyo anavyopanda levo. Mimi nilikuwa mganga. Mganga hapigani. Husimama nyuma akimponya anayepigana ili asife. Aliyekuwa akisimama mbele yangu miaka yote hiyo, na ngao pana kama mlango wa ghala, aliitwa Lusweti.

Nje ya mchezo watu walimwita Protus; Lusweti lilikuwa jina lake la nyumbani. Tulijuana katika saiba moja ya Kitale, duka la kompyuta za kukodi, wakati huo akifanya kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi na nywele zake zikiwa nyeupe kwa unga kama za babu. Baadaye alirudi kwao kuuza vitunguu katika soko la Chwele, tukaendelea kukutana humo humo mchezoni, kila jioni baada ya kazi. Watu walitaka sana tuwe wapenzi. Hatukuwa. Alikuwa mtu ambaye nilijua, bila kumwangalia, kwamba yuko mbele yangu, na mimi nina umri wa kujua kwamba hilo ni adimu kuliko mapenzi.

Kisha jioni kadhaa zikapita hajaingia. Nilipompigia simu, ilipokelewa na mama yake, naye akaniambia kwa sauti iliyochoka kuwaambia watu kwamba Protus alishikwa na kifua, akapelekwa hospitali akiwa amechelewa, na wameshamzika. Hakuna aliyejua kwamba kuna mtu Kitale wa kupigiwa. Nilikata simu nikaenda kupima mbegu za sukumawiki za mteja, nikazipima vibaya.

Haikupita miezi mingi, wenye mchezo wakatangaza kwamba seva yetu ya zamani inafungwa. Seva ni ile nyumba ambamo dunia yote ya mchezo imewekwa, na ikifungwa, kila kilichomo kimekwisha: levo, nyumba, farasi, ngao. Jioni ya mwisho tulikusanyika kwenye uwanja wa soko la mji mkuu, mamia ya watu na mapambo yao yote, tukasimama tu kama waombolezaji wasiojua wimbo wa kuanza. Upande wa skrini yangu jina la Lusweti lilikuwa bado kwenye orodha ya marafiki, la kijivu, rangi ya mtu ambaye hayumo. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Seva mpya ingefunguliwa Jumamosi ile, saa nane mchana. Wote wangeanza upya, maskini kwa tajiri, na majina yote yangekuwa huru. Atakayewahi jina ndiye mwenye jina. Nilimwona akilini mtu nisiyemjua akivaa jina la Lusweti na kulipeleka kwenye ujinga wake, akitukana watu na kukimbia vita, nikashindwa kula. Niliamua kuliwahi mimi. Ningelisajili kwa akaunti ya pili, nimweke kijijini kando ya kisima, awe pale.

Lakini wazazi wangu ni Wabukusu, ingawa nimelelewa mjini, na ninajua kwamba jina la marehemu halichukuliwi hivi hivi kama sufuria ya jirani. Huombwa kwa wenyewe. Nikampigia tena mama yake.

“Mayi,” nilisema, kama tunavyowaita mama zetu, “naitwa Nasike, nilikuwa rafiki wa Protus huku Kitale. Nataka kuja kuomba jina la Lusweti.”

Nilisikia kiti kikisogezwa, kama mtu anayeketi.

“Kuja,” akasema. “Kuja haraka, mwanangu. Lakini barabarani ukuje pole pole.”

Ijumaa asubuhi, Kitale. Pikapu ya duka ilikuwa ikipeleka dawa za viwavi Kamukuywa, nikaomba nafasi mbele. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na Mlima Elgon haukuonekana hata kidogo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, ya kijani kizito, na huku na huku watu wakipalilia wakiwa wamejifunika magunia ya nailoni kichwani. Dereva wetu, Barasa, ni mtu mwema ila hawezi kuacha jambo lipite bila kulionja.

“Sasa huko utaambia mama ya mtu nini?” aliniuliza tulipopita Kiminini.

“Nitaomba jina.”

“Si ungechukua tu? Nani atajua?”

“Nitajua mimi.”

“Ati jina ya marehemu unaombea simu.” Alitikisa kichwa. “Nyinyi Wabukusu wa taoni ni shida, bana. Mila mnaokota vipande vipande kama kuku.”

Nilimwambia aangalie barabara. Siku hiyo niliona amenikosea adabu. Sasa namwona ndiye mtu pekee aliyejaribu kunionya.

Kamukuywa tulishusha katoni, nikaagana na Barasa, nikapanda bodaboda kuelekea Kimilili, na Kimilili nikapanda nyingine ya kwenda Chwele. Sina mengi ya kueleza kuhusu barabara hiyo ila matope. Mwenye pikipiki alikuwa mzee kidogo, aliyevaa koti la mvua lililopasuka mgongoni, na nilipomwambia nyumba ninayokwenda alipunguza mwendo.

“Kwa mama ya Protus wa vitunguu?”

“Ndiyo.”

“Pole sana. Ule kijana alikuwa na heshima. Wewe ni nani yake?”

 Nilisema, “Tulikuwa tunafanya kazi pamoja.” Kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Chwele ilikuwa siku ya soko. Mbuzi, ndizi, kuku waliofungwa miguu, maboda wakipiga honi katikati ya watu, na vitunguu vimemwagwa juu ya magunia mpaka harufu ikawa ndiyo hewa. Nilitaka kuona mahali alipokuwa akiuzia. Aliwahi kuniandikia, katikati ya vita na joka, kwamba anakaa chini ya nguzo ya umeme iliyopinda na kwamba siku moja itamwangukia. Niliipata nguzo. Chini yake alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha kanisa, akichambua vitunguu vilivyooza.

“Hapa ni pa Protus?” nilimuuliza.

“Ilikuwa yake. Sasa ni mimi nakalia.” Alinitazama. “Utachukua za pesa ngapi?”

Sikumlaumu. Mahali pa soko hapakai wazi. Nilinunua sukari, majani ya chai, mkate na mafuta ya kupikia, maana huwezi kwenda kwenye nyumba ya watu ukiwa unapunga mikono, nikaendelea na safari kwa barabara ya Sirisia.

Mchana huo nilifika. Njiani kabla ya boma alinisubiri Nafula, dada yake Protus, msichana mrefu mwenye macho yake yale yale. Alinipokea mkoba kabla sijakanyaga chini vizuri. Nilipotaka kuruka mfereji wa maji alinishika mkono akanizungusha mbali, penye ubao.

“Hapa kunateleza,” alisema. “Usiruke ruke.”

Nilifikiri, watu wa huku wana malezi.

Mayi alikuwa amesimama mlangoni. Mwanamke mdogo, mwembamba, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba na nywele zikianza kurudi za kijivu. “Mulembe,” alinisalimia, akanishika mikono yote miwili, hakuiachia. Alinitazama usoni, kisha akanitazama chini, kisha usoni tena. Aliniketisha kwenye kiti chenye mto, mbali na mlango. Nilipoomba chai ya rangi alikataa.

“Hiyo si nzuri kwako saa hii. Kuna uji ya wimbi.”

Uji ulikuja kwenye kikombe kikubwa. Nilisikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba, kisha akanyamaza. Baba mdogo wa Protus akaingia akiwa amevaa koti, akanisalimia kwa heshima nisiyoistahili, akavua kofia na kuomba. Aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa kuwa hakuizima taa ya nyumba hii kabisa, akamwomba anilinde mimi mgeni na safari niliyonayo. Nilisema amina. Nilikuwa nimechoka na nina njaa, na nilidhani anazungumzia barabara ya Kimilili.

Baada ya kula, Mayi aliingia chumbani. Tulisikia kifuniko cha sanduku. Akatoka na shali ya mtoto, ya sufu, rangi ya maziwa iliyoingia unjano kwa kukaa, ikinuka nafthalini. Akaiweka magotini pangu.

“Hii ndiyo nilimfunga nayo,” alisema. “Nilikuwa nimeweka. Sikujua naweka ya nini.”

Nafula alikuwa akitabasamu. “Ni ya miezi mingapi?” aliniuliza.

“Nini ya miezi mingapi?”

Macho yake yakashuka tumboni pangu. Na hapo ndipo nilipoelewa, polepole na vibaya. Kwetu jina la aliyekufa huombewa mtoto. Hakuna kingine linachoombewa. Mwanamke mgeni anapopiga simu kutoka mji ambao mwanao aliishi, akisema anakuja kuomba jina lake, anakuwa amesema kila kitu, na mtu mwenye adabu hamuulizi zaidi kwenye simu. Nilikuwa nimejua nusu ya mila, ile ya kuomba, nikasahau ile ya kwa nini watu huomba. Walikuwa wameningoja siku kadhaa. Protus alikuwa mtoto wao wa kiume wa pekee, na hakuwa ameoa.

Nilitamani nidanganye, na nalisema wazi. Kwa muda wa pumzi moja nilihesabu kama uongo huo ungewezekana. Kisha nikaikunja shali, nikaishika kwa mikono miwili, nikasema, “Mayi, mimi sina mimba. Protus hakuwa bwana yangu. Tulikuwa tunacheza pamoja.”

“Mnacheza nini?” aliuliza baba mdogo.

Nikaeleza. Sijawahi kueleza jambo gumu hivyo. Nilieleza dunia iliyo ndani ya simu, ngao, mganga, seva iliyofungwa na nyingine inayofunguliwa kesho, na jinsi majina yanavyonyang’anywa. Kila neno lilitoka likiwa dogo kuliko lilivyoingia. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa ni mstaarabu, kisha akasimama, akavaa kofia, akasema anakwenda kuangalia ng’ombe. Nafula aliingia jikoni, na sufuria zikaanza kugongana. Mayi hakusogea. Alinyoosha mkono akaichukua shali, akailaza juu ya mapaja yake na kuinyoosha mikunjo, mmoja baada ya mwingine.

“Ni ile kitu alikuwa anafinya jioni,” alisema hatimaye. “Nikimwita kukula anasema ngoja kidogo, kuna mtu namngojea.”

“Ni mimi, Mayi.”

“Ni wewe.” Alitikisa kichwa. “Nilikuwa nafikiria ni msichana.”

Nililia hapo. Si tabia yangu, lakini nililia, na yeye ndiye aliyeniambia pole, jambo ambalo mpaka leo linanifanya nione aibu.

Jioni ilipokaribia alinipeleka kaburini, nyuma ya migomba. Halikuwa limesakafiwa. Mvua ilikuwa imeudidimiza udongo upande mmoja, na mtu alikuwa amejaribu kuurudisha kwa jembe. Kandokando kulikuwa na tuta la vitunguu alivyopanda mwenyewe, vimeshaanza kulala majani, tayari kung’olewa, na hakuna aliyetaka kuvigusa. Tulisimama. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti.

“Unajua alipata aje hiyo jina?” Mayi aliuliza.

“Sijui.”

“Alizaliwa, akalia. Siku ya kwanza, ya pili, hata kunyonya ziwa hataki. Wazee wakakuja wakaanza kuita watu wetu wenye walikufa. Wakaita Khaemba, analia. Wakaita Wanyonyi, analia. Wakaita Lusweti, baba ya bwana yangu. Akanyamaza. Akashika ziwa hapo hapo.” Alivuta kanga mabegani. “Kwa hivyo si mimi nilimpatia. Aliitika mwenyewe.”

Nilisema ni jina zuri.

“Sasa huko ndani ya simu,” akauliza, “hiyo jina itakuwa inafanya nini?”

“Itakuwa ya mtu. Nitamtembeza kidogo. Nitamwacha akae mahali pazuri, karibu na maji.”

“Hapigani?”

“Wote wanapigana, Mayi. Ndiyo kazi ya huko.”

“Na anakufa?”

Niliwaza jinsi ya kulilainisha, nikaona halilainiki. “Anakufa. Lakini anaamka tena hapo hapo. Si kufa kabisa.”

“Wewe ukiwa hapo, alikuwa anakufa?”

“Mara nyingine. Nikichelewa.”

Aliangalia udongo uliodidimia.

“Hapana, mwanangu,” alisema. Hakuwa na hasira. “Usiitumie. Mimi nimemzika mara moja. Sitaki nikae hapa najua kuna mahali anakufa, anaamka, anakufa. Hiyo jina iache ipumzike. Labda Nafula atazaa, mtoto alie, tuite tuone.”

Nikasema, “Nimesikia, Mayi.” Na nilikuwa nimesikia.

Jumamosi asubuhi, kabla sijaondoka, alikwenda mwenyewe kwenye lile tuta lisiloguswa. Alirudi na mfuko wa vitunguu vyenye udongo mbichi, akanishikisha. Nilikataa, akaniangalia tu, nikapokea. Kwao mgeni haondoki mikono mitupu, hata mgeni wa namna yangu.

“Ukifika nyumbani piga simu useme umefika,” alisema. Shali sikuiona tena. Nafula alinisindikiza mpaka barabarani, na kwenye mfereji aliniacha nikaruka mwenyewe.

Bungoma mjini nilifika kabla ya saa nane. Sikuwa nimepanga kuanza mchezo huko, lakini sikutaka kuingia Kitale nikiwa na moyo mzito ule, na karibu na stendi niliona saiba. Ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mvua na soksi, na karibu kila kiti kilikuwa na kijana aliyengojea jambo lile lile. Niliweka vitunguu vyangu chini ya meza. Mhudumu alinitazama kama mama aliyekuja kumtafuta mwanawe.

“Unataka kuprint, mathe?”

“Nataka kiti.”

Saa nane ikafika na mlango wa seva mpya ukafunguka. Kwanza huuliza jina. Niliandika Nasike, nikalipata. Kisha, kabla ya kuendelea, nilifanya nilichokuwa nimeahidi kutokifanya, au nusu yake. Nilifungua ile akaunti ya pili nikaandika kwenye kisanduku: Lusweti. Maandishi ya kijani yakatokea chini yake kusema jina hili liko wazi. Lilikuwa wazi kabisa. Nilihitaji kufinya mara moja tu. Nilimwona Mayi akilini akiwa amesimama kandokando ya tuta, nikafuta herufi moja moja kutoka mwisho mpaka kisanduku kikabaki kitupu.

Kuanza upya kuna huzuni ambayo vijana hawaioni. Tulitokea sote kando ya kisima kimoja, mamia kwa mamia, tumevaa shati moja la kitani, kila mtu na kijiti. Watu waliokuwa na majumba na mbawa za dhahabu walikuwa wakirukaruka kama vifaranga. Kwenye mazungumzo watu walifurahi: niaje, niaje, wazee wa seva ya zamani mko wapi. Nilikuwa na dawa moja tu, dhaifu, ya kuponya jeraha dogo, na orodha yangu ya marafiki ilikuwa nyeupe. Hata lile jina la kijivu halikuwamo. Nilisimama kisimani nikamngoja mtu wa kunitangulia, kwa mazoea, mpaka nikakumbuka.

Ndipo alipopita. Shati la kitani, kijiti, na juu ya kichwa chake, kwa herufi nyeupe: Lusweti.

 Nilimwandikia haraka, nikakosea mara mbili.

“Hilo jina umelitoa wapi?”

“ni yangu,” akajibu. “mbona”

“Jina lako la nyumbani?”

“eeh bana. jina ya babu. wewe pia ni wa bungoma ama? twende tukaue nguruwe”

Niligeuka nikaangalia viti vya saiba, safu mbili za migongo, kana kwamba ningemtambua. Angeweza kuwa yeyote kati yao, au kijana wa Webuye, au wa Eldoret, mwenye jina lake halali ambalo babu yake alimwachia.  Nilikuwa nimeliacha jina lipumzike, na halikupumzika hata dakika chache.

Alikuwa ameshaondoka kuelekea mashambani, moja kwa moja, bila kuangalia nyuma, kama wafanyavyo wote wanaobeba ngao hata kabla ya kuwa na ngao. Nikamfuata. Nguruwe mwitu wa kwanza alimpunguza uhai, nikamponya. Wa pili, nikamponya. Akaandika “asante daktari,” akaingia kwenye nyasi ndefu ambako wako watatu watatu.

“Usiende huko,” niliandika. “Bado huna levo.”

“tutaweza”

Protus naye alikuwa akisema hivyo hivyo, tutaweza, na kwa kuwa aliyekuwa nyuma yake ni mimi, mara nyingi tuliweza. Sasa nilikuwa na dawa moja na nguvu kidogo. Niliitumia mpaka nguvu zikaisha. Nilibaki nikifinya kitufe kisichojibu huku wale nguruwe wakimzunguka, na kijana wa kiti cha pili akaniuliza, “Mathe, uko sawa?” Mstari mwekundu ukapita juu ya skrini, mahali ambapo kila mtu aliye karibu anaweza kuusoma: Lusweti amekufa.

Akaamka kisimani, akacheka kwa maandishi, akarudi mbio kwenye nyasi zile zile. Nilimfuata tena.

Jumapili mchana, Kitale. Nilikuwa nimekwisha kufua nguo zenye matope na kukaanga vitunguu viwili vya Mayi, na ukali wake ulijaza chumba chote. Safari hii imenifundisha jambo ambalo halina faida dukani: kwamba kuanza upya ni kwa walio hai, na wanaoanza upya hawamchukui aliyebaki. Seva inaweza kufunguliwa mpya kila mwaka. Udongo wa nyuma ya migomba utaendelea kudidimia, na mtu atakuja na jembe kuurudisha.

Nilipiga simu kusema nimefika, kama nilivyoagizwa.

“Asante Mungu,” Mayi alisema. Kisha akauliza, “Na ile jina? Uliiacha?”

“Niliiacha, Mayi.”

“Hakuna mtu ameichukua?”

Ningeweza kusema hakuna. “Kuna kijana ameichukua. Ni jina lake la kwao. Aliachiwa na babu yake.”

Nilisikia kuku wakilia upande wake, na mvua ikiwa kwenye mabati. 

“Kama ni yake, hatuwezi kumnyang’anya,” alisema. “Uko naye huko karibu?”

“Niko naye karibu.”

“Basi mwangalie, mwanangu. Asife.”

“Ndiyo, Mayi,” nilisema.

Sikumwambia kwamba kabla sijatoka Bungoma alikuwa ameshakufa mara mbili, na kwamba mara zote mbili nilikuwa nimesimama nyuma yake.